Siku Anifa Alipofungulia Maji Harusini

Ukifika maeneo ya Gerezani asubuhi, kabla mafundi hawajaanza kugonga mabati, ulizia supu ya Mama Sitara. Usimtaje kwa jina la Anifa Bakili, hilo linajulikana na watu wa vitambulisho tu. Mama Sitara utaonyeshwa na yeyote: yule mama mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kusimamisha bodaboda, anayechoma chapati kwenye kibaraza kinachotazamana na gereji ya Pantaleo. Lakini ukiwahi sana, jua halijachomoza vizuri, hutamkuta kibarazani. Utamkuta juu ya tuta, kashika mpini wa fagio, anagombana na panya.

Tuta lenyewe si kitu cha kupigia picha. Ni udongo ulioshindiliwa tu, kwenda juu ni kimo cha mtu mmoja na nusu, na ukilitembea kutoka ncha hadi ncha utahesabu hatua tisini. Inasemekana walilijenga watu wa reli wa zamani ili maji ya mvua yanayoteremka kutoka upande wa Kariakoo yasivamie njia ya treni. Nyuma yake kuna shimo pana. Masika linakuwa bwawa, kiangazi linakuwa mali ya bata. Chini kabisa limepitishwa bomba linalotoa maji kidogo kidogo kuelekea baharini. Na pembeni, karibu na gereji, tuta limeachwa chini kidogo na kusakafiwa kwa mawe, ili bwawa likizidiwa maji yatokee hapo badala ya kupanda juu ya udongo. Wahandisi wanapaita utoro wa maji. Maji yakishatoka hapo yanafuata mtaro mpana unaokatiza katikati ya uwanja wa mtaa, kisha yanaenda zake.

Mbele ya tuta, bondeni, ndipo ulipo mtaa wa Kota Bondeni: nyumba arobaini na ushee, msikiti mdogo, kanisa la mabati, saluni mbili, na watu ambao wengi wao hawakuwahi kulifikiria hilo tuta hata dakika moja.

Anifa naye hakuwahi kulifikiria, mpaka masika ya miaka tisa iliyopita. Mwaka ule utoro ulikuwa umezibwa na matairi, majani na godoro la mtu asiye na haya. Maji yakakosa njia, yakapanda juu ya tuta, yakalimega kipande na kuingia majumbani bila hodi. Anifa alikaa juu ya meza mchana kutwa, mumewe marehemu Bakili akiwa safarini, na binti yake Sitara, wa miaka kumi na minne, amejibebesha sufuria la supu kichwani kana kwamba ndiyo mali pekee waliyonayo. Na kusema kweli, jioni ile ndiyo iliyokuwa mali pekee. Hakufa mtu, Mungu mkubwa, lakini vitanda vilielea.

Baada ya hapo akaja mhandisi mmoja wa kike, Violeth, msichana mwembamba mwenye mabuti makubwa kuliko yeye. Alisimamia matengenezo wiki tatu, na siku ya mwisho akawakusanya watu uwanjani. Akawaeleza: panya akichimba tuta, zibeni mara moja. Mti ukiota juu yake, ung'oeni ungali mche, maana mizizi inafungua njia ya maji ndani kwa ndani. Na huo utoro, nawaombeni kama ndugu zangu, usizibwe hata kwa nusu saa. Maji yakipita kwenye utoro, mtalowa miguu. Yakipita juu ya udongo, yataukwangua upande wa nyuma mpaka tuta liondoke lote kwa mpigo mmoja.

"Nani atakuwa mwangalizi?" akauliza.

Wanaume wote wakakumbuka simu zao. Anifa, aliyekuwa amekuja na upawa mkononi, akaunyanyua ili aulize mwangalizi anatakiwa kufanya nini. Violeth akaandika jina lake. Watu wakapiga makofi, na mambo yakaishia hapo.

Kumbe alikuwa amepatikana mtu hasa! Tangu siku ile alfajiri haikumkuta Anifa kitandani. Alikuwa analikagua tuta kabla ya kuwasha jiko, anaparaza ukoka kwa mpini wa fagio, akiona shimo la panya buku analishindilia udongo huku akimtukana panya pamoja na ukoo wake. Ndani ya bwawa Violeth alikuwa amesimika nguzo ya kupimia, ina mistari myeupe na juu yake mmoja mwekundu, ambao maji yakiufunika ujue tuta liko hatarini. Macho ya Anifa ya mbali si mazuri, kwa hiyo masika yote Sitara ndiye aliyesoma nguzo.

"Nyekundu inaonekana?" mama anauliza kutoka jikoni.

"Inaonekana, Mama!"

Basi chapati zinaendelea. Majirani waliwasikia hivyo miaka tisa, wengine wakawa wanaamkia hapo hapo.

Ila ukali wa yule mama, we acha tu. Pantaleo, fundi magari, mtu mwema asiye na dogo, aliwahi kuegesha bodi ya Corolla katikati ya mtaro. Anifa hakumfokea. Alimnyima supu siku tatu, na siku ya nne bodi ikahama. Pantaleo huyo huyo akapanda mpapai juu ya tuta, akidhani hauonekani. Anifa akaung'oa ukiwa na mapapai mawili, akampelekea mapapai gerejini kwenye sahani, yameshamenywa. Walioomba uwanja kwa bonanza aliwafukuza. Walioomba kuweka kontena aliwafukuza mara mbili.

"Njia ya maji ni ya maji," alikuwa akisema, na hapo mazungumzo yamekwisha.

Sasa basi. Sitara akapata mchumba. Kijana anaitwa Abdulmajid, anauza vitenge Kariakoo, mpole, msafi, anatoa shikamoo hadi kwa watu waliomzidi miaka miwili. Ukoo wao ni wenyeji wa mjini tangu enzi za babu, na mama yake, Bi Badria, ni mwanamke mrefu mwenye shingo ya kujivunia. Siku ya posa alikunywa chai kwa Anifa, akageuza kikombe akatazama chini yake, akasema, "Chai nzuri." Mpaka leo Anifa hajui ilikuwa sifa au kijembe.

Bi Badria akasema jambo lingine moja. "Sisi tuko wengi, Mama Sitara. Tukija, tunakuja wote."

Wote maana yake watu mia tatu. Na Kota Bondeni nzima, hakuna mahali pa kuketisha watu mia tatu isipokuwa pale uwanjani, ambapo mtaro unakatiza.

Anifa alijizungusha kitandani siku kadhaa. Angewaambia nini wale watu? Kwamba yeye, mchoma chapati kutoka Newala, hana hata pa kuweka kiti cha mkwe? Mwishowe akakubali turubai lisimikwe uwanjani, juu ya njia ya maji. Pantaleo aliposikia alicheka mpaka akaangusha spana.

"Eeh! Mama Sitara! Njia ya maji ni ya maji, au siku hizi ni ya mabwana harusi?"

"Siku moja tu, Pantaleo," Anifa akajibu, akiangalia pembeni. Hakuzoea kuona aibu, na hakuipenda.

Siku nne kabla ya harusi akawasili Nurdin, kaka yake mkubwa, kwa basi kutoka Newala, na kiroba cha korosho na furushi la ming'oko, vile viazi vya porini vya kwao. Kwa sheria ya dini walii, yaani wa kumwozesha, alikuwa baba mdogo wa Sitara, lakini kwa mila za kwao kusini mjomba ndiye mwenye mpwa. Bila neno la mjomba hata kiti hakisogezwi. Nurdin alilijua hilo, na alitembea kama mtu anayelijua.

Lazima nikuelezee Nurdin amekulia wapi, usije ukamwonea. Kule juu ya nyanda za Newala, yeye na Anifa walipokuwa wadogo, maji yalikuwa chini ya mteremko. Unashuka kabla jua halijachomoza, unapanda na ndoo kichwani, magoti yanatetemeka, na ukimwaga njiani utaulizwa. Mpaka leo Nurdin ananawa uso kwa kikombe kimoja, na maji ya kuoshea mchele anayapeleka kwenye mche wa mwembe. Mtu wa namna hiyo, ukimwonyesha maji yanakimbia ovyo, roho yake inauma kabisa.

Na mvua ikaamua kunyesha. Ilianza Alhamisi, ikapiga Ijumaa, na Jumamosi, siku yenyewe ya harusi, ikaamka nayo. Alfajiri ile, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, Anifa hakupanda kwenye tuta. Angepandaje? Wanawake walikuwa wamemweka kiti cha kati, mikono na miguu imejaa hina mbichi, imefungwa mifuko ya nailoni, haruhusiwi hata kujikuna. Sitara yuko chumba cha pili, anafungwa nywele. Nurdin akachungulia mlangoni.

"Leo kaa utulie, mdogo wangu. Mjomba yupo. Kila kitu niachie mimi."

Jamani, maneno matamu kama hayo nani atayakataa? Anifa akaegemea kiti akafumba macho.

Nurdin alipofika uwanjani akakuta utoro umeshaanza kutoa maji. Yalikuwa si mengi, ya kufika kwenye kifundo, lakini yalipita katikati ya turubai, chini ya viti, na kapeti jekundu la maharusi lilikuwa limeshaanza kunywa. Akafuata maji mpaka yalipotokea. Akaona bwawa zuri, limejaa, na pembeni yake pengo linalovuja. Masikini ya Mungu, alidhani tuta limebomoka! Akaita wanaume wanne wa kamati ya harusi, ambao hawangempinga mjomba, wakabeba viroba vya mchanga vilivyokuwa vimesalia kwa jirani anayejenga, wakapanga thelathini na kitu pale kwenye utoro, wakavikanyaga vikakaa sawa. Saa nne asubuhi hapakupita hata tone. Kapeti likabadilishwa, maua ya plastiki yakarudi mezani, na Nurdin akaja kutoa taarifa mlangoni akiwa amelowa, ana furaha ya mtu aliyemletea dada yake zawadi asiyoitegemea.

"Uwanja mkavu!"

Anifa alipiga kigelegele. Alidhani huko juu mvua imepungua, akamshukuru Mungu kwa kumpendelea.

Ilikuwa yapata saa nane na nusu, hina imeshatolewa, amevaa gauni lake jipya la zambarau, ndipo alipoanza kutotulia. Mvua ilikuwa bado inalipiga bati. Na kwa mvua ya siku tatu, yeye anajua, utoro unasikika mpaka chumbani, unachachatika kama chapati ikitiwa kwenye mafuta ya moto. Alitega sikio. Akasikia mvua, akasikia wanawake, akasikia jenereta ya MC. Hakusikia utoro.

Akafungua mlango wa chumba cha pili. Sitara alikuwa mbele ya kioo, shela limebanwa upande mmoja.

"Sitara, umeusikia utoro leo?"

Binti akageuka taratibu. "Sijausikia, Mama. Nilidhani ni kwa sababu ya jenereta."

Anifa akavua viatu, akachukua mpini wa fagio nyuma ya mlango, akatoka. Wanawake wakapiga kelele nyuma yake kwamba gauni litaharibika, na hakuna aliyejibiwa.

Alipanda tuta kwa magoti na mikono. Kufika juu, akasimama akatazama. Bwawa lilikuwa limejaa kwa namna ambayo hajawahi kuiona, maji yamebakiza kiasi cha vidole viwili kufika kwenye mgongo wa tuta. Pale katikati, mahali ambapo watu wavivu wa kuzunguka hukatiza na wamepachimba kwa nyayo zao, ulimi wa maji upana wa kiganja ulikuwa umeshavuka. Ulikuwa unateremka upande wa nyumba, na ulikuwa wa kahawia. Maana yake unabeba udongo.

"Pantaleo!" akaita kuelekea gereji. "Nyekundu inaonekana?"

Pantaleo akatoka na mwavuli, akakodoa. "Nyekundu gani, Mama Sitara? Nguzo yenyewe siioni!"

Ndipo alipoviona viroba. Na juu ya viroba, kasimama Nurdin, kanzu nyeupe, kofia ya vito, anatabasamu.

"Unaona kazi hiyo? Hata tone halipotei!"

Anifa alifungua mdomo, na kwa jinsi alivyokuwa amekasirika, ungedhani atamtukana kama anavyotukana panya. Lakini huyu ni kaka mkubwa. Huyu ni mjomba wa bibi harusi, siku ya harusi.

"Kaka, nisikilize, nakuomba. Hili pengo halikubomoka. Limejengwa hivyo. Maji yakikosa hapa yanapita juu ya udongo, na yameshaanza, tazama pale. Udongo hauwezi kuvumilia, kaka. Tuta likikatika, bwawa lote hili linateremka kwa pamoja. Linaanza na turubai. Halafu nyumba. Halafu Sitara yuko ndani ya nyumba."

Nurdin akatazama ule ulimi wa kahawia. Ulikuwa sasa upana wa viganja viwili. Akatazama turubai, viti mia tatu na utepe wake, wapishi wanakoroga pilau. Tabasamu likamtoka usoni, na uso wenyewe ukawa kama wa mtu aliyepigwa kofi mbele za watu.

Kwa mbali, upande wa barabara ya mwendokasi, matarumbeta yakaanza kusikika. Bwana harusi na ukoo wake wote walikuwa wanakuja kwa miguu, chini ya miavuli.

"Tungoje ndoa isomwe," Nurdin akasema kwa sauti ndogo. "Nusu saa tu, Anifa. Ukifungua sasa unawamwagia wakwe zetu maji. Watasema nini juu yetu?"

Alikuwa amemgusa pale pale panapouma. Kwa miezi miwili Anifa hakuwaza kitu kingine: watasema nini juu yetu. Alikiona kile kikombe kikigeuzwa. Na akaona kwamba kama angeishika kauli yake mwenyewe, turubai lisingekuwa pale, na Nurdin asingekuwa na sababu ya kuziba chochote.

"Waseme," akajibu. "Mimi ndiye niliyekosea mwanzo, kaka, si wewe. Lakini turubai ni lako leo, bila neno lako hawatahama. Toa neno."

Nurdin akakunja kanzu akaishindilia kiunoni, akateremka tuta kwa makalio.

Jenereta ilizimwa kwanza, Anifa ndiye aliyepiga kelele izimwe, maana nyaya za spika zilikuwa zimelala chini kila mahali. Kwa hiyo Nurdin hakuwa na maikrofoni. Hakuihitaji. Alipanda juu ya meza ya maharusi akaita kwa sauti ile ya kuitana kutoka mteremko mmoja hadi mwingine.

"Jamani! Mimi ndiye mjomba! Nimeziba njia ya maji kwa ujinga wangu, na dada yangu anaifungua sasa hivi! Wenye watoto washike watoto! Viti juu, vyombo juu, pilau lipande kwenye gari!"

Wee! Ungewaona watu. Waliokuwa wamekaa wamejipamba wakawa wachukuzi. Sufuria mbili za pilau, kila moja watu sita, zikapandishwa kwenye pikapu ya mteja iliyokuwa gerejini ikisubiri klachi. Keki ikapelekwa msikitini. Kule juu Anifa na Pantaleo walikuwa wanatoa viroba kimoja kimoja, kuanzia vya juu, pole pole, ili maji yasije kwa kishindo. Na kila kiroba kilichotoka kilibebwa mbio mpaka pale palipochimbika, kikalazwa juu ya ule ulimi wa kahawia. Nurdin akarudi akajiunga nao. Alibeba viroba viwili viwili, mtu wa miaka sitini, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike. Ulimi ukawa mwembamba, ukawa uzi, ukakatika.

Na utoro ukaanza kuchachatika. Anifa aliusikia, akakaa kwenye matope na gauni lake la zambarau, akacheka peke yake.

Alipoinua uso, matarumbeta yalikuwa yamenyamaza.

Ukoo wa Abdulmajid ulikuwa umefika ukingoni mwa uwanja, umesimama. Mbele yao maji yalipita katikati ya turubai, ya kufika nusu ya muundi, yana maua ya plastiki juu yake. Bi Badria alikuwa mbele kabisa, viatu vya dhahabu, baibui la kutarizi. Anifa akateremka akaenda kusimama mbele yake, na alijua anavyoonekana.

"Mama Sitara."

"Abee."

"Hiki nini?"

"Ni maji, Bi Badria. Nimeyafungulia mimi. Yangebaki kule juu yangeondoka na tuta, na tuta lingeondoka na sisi." Akapangusa matope kwenye gauni. "Nimeiharibu harusi ya mwanangu. Mkitaka kurudi sitawalaumu."

Bi Badria alitazama tuta, akatazama wanaume waliolowa wakipanga viroba. Kisha akashika mikono ya Anifa, akaigeuza kama alivyokigeuza kile kikombe, akaitazama hina iliyofunikwa na matope.

"Mimi nilizaliwa Jangwani," akasema. "Nikiwa mwari maji yalituchukulia nyumba, sisi tuko ndani tumelala. Bibi yangu hatukumpata tena. Hakukuwa na mtu juu anayetazama, Mama Sitara. Tungempata mtu wa kutuharibia harusi, tungembusu miguu."

Akainama akavua viatu vya dhahabu, akamkabidhi Abdulmajid, aliyevipokea kwa mikono miwili asijue aviweke wapi. Akapandisha baibui mpaka magotini, akaingia majini. Hatua ya tatu akageuka nyuma.

"Nyie wenye matarumbeta! Mmekuja kupiga au kushangaa?"

Basi hapo ndipo harusi ilipoanza. Tarumbeta la kwanza likalia, ngoma ikafuata, na watu mia tatu wakaingia kwenye maji viatu mkononi. Wanawake wa mtaa wakawapokea kwa vigelegele, sare za kijani zimefungwa mapajani, wanacheza wanarushiana maji. Mpiga ngoma kubwa alianguka mara mbili na mara zote mbili alishangiliwa. Sheikh aliletwa mgongoni mwa Pantaleo, na ndoa ikasomwa gerejini, bwana harusi amekaa kwenye kiti kilichofunguliwa kutoka gari la Noah, juu yake zinaning'inia ekzosi. Pilau lilipakuliwa kutoka kwenye pikapu. Bi Badria alikula sahani mbili, na alipomaliza akasema mbele ya watu, "Pilau tamu, chai yako tamu pia, tangu siku ile," na hapo Anifa akapumua.

Nurdin alikula amesimama, kanzu rangi ya udongo, hamtazami dada yake. Anifa akamfuata.

"Kaka, vile viroba vyako ndivyo vilivyoliokoa tuta."

"Usinipake mafuta."

"Kweli. Bila mchanga ule tungeziba pale kwa nini? Kwa keki?"

Nurdin akajaribu kununa, akashindwa, akacheka mpaka wali ukamtoka puani. Halafu akayatazama maji yanavyoondoka, akatikisa kichwa. "Ila Anifa, yote haya! Na kule kwetu!"

Kabla ya magharibi mvua ilikata. Gari la maharusi, lenye riboni zilizolowa, likaanza kupanda kuelekea Kariakoo. Anifa alikuwa hajalia siku nzima. Alimuaga mwanae kwa kumtengeneza shela na kumwambia ale vizuri, basi, kama vile anaenda dukani. Alisimama uwanjani, maji yameshuka mpaka vidoleni, akaangalia gari likikata kona ya tuta. Alikuwa anafikiria kwamba kesho alfajiri atapanda kule peke yake, na hakutakuwa na mtu wa kumsomea nguzo.

Gari likasimama. Mlango ukafunguliwa, na bibi harusi mzima, shela na yote, akashuka akapanda kwenye ncha ya tuta. Abdulmajid alichungulia dirishani, bado kapakata viatu vya mama yake.

Sitara akaweka kiganja juu ya macho, akatazama bwawani, akageukia uwanja.

"Mama! Nyekundu inaonekana!"

Mtaa mzima ulipiga kigelegele, na wenye matarumbeta wakadhani wameambiwa waanze tena. Anifa alijibu kwa kupunga mpini wa fagio, maana sauti yake, ile ya kusimamisha bodaboda, ilikuwa imegoma kutoka. Alilia hapo hapo, mbele ya wakwe, na Bi Badria akamfuta machozi kwa ncha ya baibui lake lililolowa.